Damper Haendi Bweni

Huku kwetu Wirrabilla, upepo ukivuma kutoka magharibi, kuku hutaga yai lilelile mara mbili. Nalisema hili mapema ili ujue kuwa mimi ni mtu wa kweli, usije ukatilia shaka habari ya mbwa wangu Damper kuswaga klabu nzima ya wastaafu na kuibana kwenye kona ya uzio.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya Jumamosi wazee wa kijiji chetu cha wastaafu huvaa nguo nyeupe tangu kofia hadi viatu, wakacheza mchezo wao wa kubingirisha matufe mazito juu ya nyasi zilizonyolewa kama kidevu cha bwana harusi. Sasa Damper ni mbwa wa kondoo, mama yake mbwa wa kondoo, na bibi yake aliwahi kuswaga treni ya mizigo ikarudi stesheni. Mbwa wa namna hiyo akiona kundi jeupe linatangatanga majanini, unataka afikiri nini? Aliinamisha kichwa, akazungukia kulia, na kabla chai haijapoa wote walikuwa wamesongamana kwenye kona ya uzio, kando ya tangi la maji, Bi Enid Quilty akiwa mbele, tufe kalikumbatia kama mwanakondoo.

Bi Enid ni mwenyekiti wa kamati. Zamani, kabla ya uenyekiti, alikuwa na ulimi wa kukwangua kutu. Alicheza timu moja na marehemu mke wangu, Noelene, na jinsi walivyokuwa wakitukanana ungedhani wanagombea shamba la urithi. Kumbe ndio urafiki wenyewe. Huku kwetu nyanda za kondoo, mtu akikuita "bwana mpendwa" ujue amekuja kukutoa kwenye nyumba. Anayekupenda anakuita mzoga. Lakini Noelene alipofariki, na Bi Enid akapewa kiti, akasafisha kinywa chake na vya wengine wote. Akatundika ubao getini: MATUSI MARUFUKU UWANJANI.

Jioni ile ya tangi la maji akaja mlangoni kwangu.

"Bwana mpendwa Clarrie," akaanza.

Nikajua nimekwisha.

"Kamati imeamua. Ama mbwa aende shule ya bweni mwezi mzima akafundishwe adabu, ama aondoke kijijini."

"Na mimi?"

"Wewe unaweza kubaki."

"Mwenyezi akuzidishie huruma, Bi Enid. Mwambie kamati haendi."

"Fikiri vizuri, Clarrie."

"Nimefikiri. Huoni moshi ukinitoka masikioni?"

Kesho yake binti yangu Lorelle akaja na pikapu. Hata salamu hakumaliza, tayari amekunja blanketi la Damper na kulitia kwapani.

"Baba, kuna mwalimu wa mbwa anaitwa Trudi, yuko ng'ambo ya mto. Anakaa nao hukohuko, anawalisha, anawafunza, anakurudishia mbwa mwenye adabu. Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu keshakauka. Na mimi nimekaukia naye kwenye mchanja mmoja."

"Usinifanyie mzaha. Wakimfukuza Damper utabaki na nani humu ndani?"

Hapo alinigusa, maana Damper hakuwa mbwa wangu. Alikuwa wa Noelene. Noelene ndiye aliyemfunza tangu mdogo, na alimfunza kwa ulimi aliokuwa nao. "Mwizi wa soseji" maana yake njoo. "Kaoze huko" maana yake zungukia kulia. Na "gunia la viazi wee," ile "wee" ikivutwa kama kamba ya kisima, maana yake lala chini usisogee. Mimi mwenyewe niliitwa gunia la viazi katika ndoa nzima. Siku ya mwisho hospitalini nilisimama kando ya kitanda chake sijui nifanye nini na mikono yangu, akafumbua jicho moja akasema, "Kaa chini, gunia la viazi wee, unaniziba jua." Nikakaa. Hakusema jingine.

Basi nilipanda pikapu na Damper kwenda kuona hiyo shule, lakini nilikwenda kama mtu anayekwenda kukataa kitu kwa macho yake mwenyewe.

Trudi alikuwa mwanamke mpana, mwenye buti zilizoliwa na mbwa watatu wa zama mbalimbali. Nikamrushia maswali kabla hajanikaribisha. Mbwa analala wapi? Akanionyesha, akafungua kila banda, hata lile lenye harufu. Unampiga? "Nimpige ili anifundishe kuuma?" Akikataa kula? "Nampigia mwenye mbwa simu siku hiyohiyo." Nikaanza kukasirika. Nilitaka anipe sababu ya kumchukia, naye hatoi.

"Hebu nimwone kazini," akasema. Akachuchumaa, akanyoosha mkono, sauti asali tupu. "Damper mpenzi, njoo."

Kwetu neno "mpenzi" lilitumika tu siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Damper alilisikia, akamtazama Trudi, akanitazama mimi kama msaliti, kisha akaruka juu ya paa la pikapu akakataa kushuka.

Lorelle akafunika uso. Trudi akacheka.

"Mwite wewe, mzee."

"Mwizi wa soseji!" nikapaza sauti.

Damper alifika miguuni pangu haraka hivi kwamba kivuli chake kilichelewa, kikaja baadaye kinahema.

Trudi akatuchezesha hivyo kwa muda mrefu. Mara mimi niseme, mara yeye. Mwisho akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Sikilizeni. Wapo wanaofaa kuja bweni. Mbwa ambaye hajafundishwa lolote, mwenye mbwa anaumwa au yuko safarini, na akirudi yuko tayari kuja kujifunza yale niliyomfunza mbwa wake. Huyo namchukua. Lakini huyu amefunzwa kuliko wengi. Nikikaa naye mwezi mzima, nitawarudishia mbwa anayemsikiliza Trudi. Sasa Trudi haishi kwenu."

"Unasikia?" nikamwambia Lorelle.

"Sijamaliza, mzee. Usianze kujipiga kifua. Mbwa hana kosa, kosa ni lako. Hakuna aliyemwambia kwamba wale wazee si kondoo wake. Wa kumwambia ni wewe, na ulikuwa umekaa kwenye benchi unacheka."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Ungekuwepo nawe ungecheka.

"Sasa amwambieje?" Lorelle akauliza. "Uwanjani matusi marufuku, na mbwa hajui lugha nyingine. Baba, badilisha maneno basi. Maneno tu! Trudi atakusaidia."

"Sibadilishi."

"Kwa nini wewe ni mkaidi hivyo?"

"Kwa sababu hayo maneno ni ya mama yako. Mbwa huyu ndiye mtu wa mwisho anayemtii. Nikiyafuta, Noelene atabaki wapi? Kwenye picha? Picha haijawahi kuniambia nikae chini."

Lorelle akatazama mto. Halafu akaenda kwenye pikapu, akachukua lile blanketi alilolikunja, akalitandika upya kwenye kiti changu humohumo, upande wa dirisha, pale Damper anapopenda.

"Haendi bweni," akasema. "Lakini utafanya kazi, baba. Nakuapia utafanya kazi."

Tukafanya. Trudi akatupa masomo ya mchana, mimi na Damper pamoja, na ukitaka kujua nani alikuwa mzito darasani usimuulize Trudi. Nyumbani Lorelle alijifunga shuka jeupe akawa anapita mbele yetu huku na huko uani, akilia mee kila akikasirika, nami nikimzuia Damper kwa yale maneno. Majirani walidhani tumeingia dini mpya.

Kisha nikaenda kwa Bi Enid kumweleza. Nilisema kila kitu nikiwa wima, sikuomba.

"Jumamosi," akasema. "Nafasi moja. Tusi moja uwanjani, au mtu mmoja akiswagwa, mnafungasha wote wawili."

"Wote wawili? Si ulisema mimi nabaki?"

"Ningependa kuona ukibaki bila mbwa huyo."

Jumamosi ikafika na upepo wake wa magharibi. Nilisimama kando ya nyasi, Damper kalala mguuni pangu, amri nimemnong'oneza sikioni asisikie mtu. Wazee wakapita na nguo zao nyeupe, wakiangalia nyuma kila hatua. Damper akatetemeka kama birika linalochemka, lakini hakuinuka. Matufe yakabingirika, hakuinuka. Soseji zikaanza kuungua kwenye jiko la nje. Akageuza shingo, hakuinuka. Lorelle alikuwa ameshika uzio kwa mikono miwili.

Ndipo upepo ukaing'oa kofia ya Bi Enid. Kofia ikakimbia, naye akaikimbilia, peke yake, mbali na wenzake.

Kondoo aliyejitenga na kundi! Kwa mbwa wa kondoo hiyo si dhambi ndogo. Damper alikwishaondoka kabla sijashusha pumzi, tumbo chini, akimzunguka Bi Enid kwa kulia, akimkazia yale macho.

Nikaona mambo yote mara moja. Nikisema, tumefukuzwa. Nisiposema, tumefukuzwa. Lorelle anatikisa kichwa: baba, usithubutu. Nikasema moyoni, kama ni kutoka, tutoke tumesema! Sitamwita mpenzi mbele ya kamati wala mbele ya malaika. Nikajaza kifua, nikafungua kinywa.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Kaa chini, gunia la viazi wee!"

Ilikuwa ya Bi Enid, na ile "wee" kaivuta vilevile, hadi mwisho wa kamba. Damper akaanguka palepale kama aliyepigwa risasi, kidevu juu ya kiatu cheupe cha Bi Enid. Nami nikajikuta nimekaa kwenye benchi, sikumbuki kukunja goti.

Bi Enid kaziba mdomo. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi nilivyokaa, macho yakamjaa. Nadhani naye alikuwa amemsikia Noelene.

"Bi Enid," nikasema, maana mtu hawezi kuacha bahati kama hiyo ipite. "Ule ubao pale getini."

"Ubao una nini?"

"Unasema matusi marufuku."

"Na nani katukana hapa?" Akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Hiyo ni amri ya mbwa. Kamati, kuna mtu kasikia tusi?"

Kamati haikusikia. Lorelle alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

Bi Enid akainama, akamkuna Damper nyuma ya sikio, akanijia.

"Wiki ijayo mlete tena. Na usichelewe, mzoga wewe."

Kofia yake haikuonekana tena. Kwa upepo ule, naamini iko New Zealand, na kuna kuku wa huko anatagia humo.