Njia ya Kwenda kwa Kiema

Muoki alitangulia tangu waliposhuka kwenye basi, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mvua kubwa za mwaka huo wa tisini na nane zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo kupanda hadi kwa kina Kiema, juu kabisa ya vilima vya Mbooni, kulihitaji mwendo wa saa mbili kwa miguu. Teresiah alimfuata, viatu vyake vikiteleza kwenye udongo mwekundu.

Mume wake, Kiema, alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu uliopita, alipoangukiwa na shehena ya mabati kwenye ghala moja huko Industrial Area, Nairobi. Wiki hiyo Teresiah alikuwa wodini, amejifungua kwa upasuaji. Aliporudi nyumbani Mbotela alikuta mama na ndugu wa Kiema wameshauchukua mwili na kuuzika. Hakuna aliyemngoja. Kwao wao Wakamba, Mkikuyu huyu muuza mitumba hakuwa mke. Alikuwa mwanamke aliyekaa na ndugu yao mjini. Mchungaji wa kanisa lao mjini ndiye aliyemtaka Muoki, mdogo wa marehemu, ampeleke mjane akalione kaburi. Muoki alikubali mbele ya wazee wa kanisa, kwa aibu.

"Shemeji, tupumzike kidogo," Teresiah alisema.

"Mimi si shemeji yako. Na basi la kurudi linaondoka saa tisa."

Njia ilipanda kati ya matuta ya mahindi na mibuni, ikavuka vijito vya maji baridi, ikapita nyumba za matofali ambako watu waliacha kuongea walipowaona. Kwenye mgongo wa kilima cha kwanza ukungu ulifunguka, na nyika yote ikaonekana chini, kijani kibichi mpaka mwisho wa macho. Kiema alikuwa amemsimulia mahali hapa mara nyingi. Alisema angemleta Krismasi. Teresiah alisimama kutazama. Muoki akampigia mluzi, jinsi mtu anavyoita mbuzi.

Katika kijiji cha pili, mama mmoja aliyeuza chai kando ya njia alimuuliza Muoki kwa Kikamba mgeni wake ni nani.

"Mnunuzi wa vikapu vya kiondo kutoka Nairobi," Muoki alijibu kwa lugha hiyo hiyo. "Namfikisha sokoni, kisha anarudi."

Teresiah aliweka mkoba wake chini. "Mimi ni mke wa Kiema, mwana wa Mbeti," alisema, kwa Kikamba. "Nimekuja kuona alipolazwa."

Mama yule alitua birika. "Tuliambiwa mkewe alitoroka."

"Nilikuwa hospitali, nimejifungua mtoto wake."

Mama alimtazama Muoki kwa muda, kisha akanyoosha kidole. "Kwa Mbeti ni njia ile ya mikaratusi. Hii ya sokoni si yenyewe."

Teresiah akashika njia ya mikaratusi. Muoki alimpita mbio, akasimama mbele yake mahali pembamba, penye mteremko mkali upande mmoja.

"Nani alikufundisha Kikamba?"

"Nililala na nani miaka mitano?"

"Rudi. Mama ana presha. Umeshatuulia mmoja."

"Mimi sikuwa ghalani, Muoki. Kama unataka kunisukuma, nisukume. Yule mama wa chai anatuangalia."

Muoki aligeuza kichwa. Mama alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Muoki akasogea pembeni, na Teresiah akapita akiwa amekazia macho miguu yake.

Mbeti alikuwa uani akipukuchua maharagwe. Hakuinuka.

"Nani amekuita?"

"Hakuna, mama. Nataka kumwona tu."

Mbeti alionyesha kwa kidevu. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, msalaba wa mbao umeanza kuinama, magugu yamelifunika. Teresiah alipiga magoti, akamwita Kiema kwa jina, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu wodini. Kisha akaanza kung'oa magugu.

"Yaache hayo," Mbeti alisema nyuma yake. "Hapa si shamba lako."

Teresiah alijipangusa mikono, akatoa picha kwenye mkoba. "Huyu ni binti yake."

Mbeti aliishika picha mbali na macho, halafu karibu. "Anaitwa nani?"

"Mbeti."

Bibi aliiangalia picha tena. Kisha akasema, "Umechukua jina langu bila kuniomba."

"Ningekuomba wapi? Mlikuwa mmeshaondoka."

Mbeti alimrudishia picha. "Basi lako litakuacha."

Teresiah alishuka vilima peke yake.

Baada ya wiki tatu Muoki alibisha mlango Mbotela. "Mama anasema umpeleke mtoto."

"Aje yeye."

"Unajua ile njia ilivyo."

"Najua. Nimeitembea. Na yeye alikuja Nairobi kuchukua mwili."

Muoki aliondoka bila kuaga.

Mbeti alikuja mwezi wa Agosti, amejifunga leso mbili, na kifuko cha maharagwe mkononi. Alimpakata mtoto saa nzima, akimwimbia polepole kwa Kikamba. Teresiah alimtengea chai mezani. Bibi hakuinywa.