Bomba la Kitambaa cha Meza

Alhamisi saa tatu asubuhi, Apolinaria alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake katika kijiji kipya cha Juhudi, akikoroga bluu ya kufulia na sukari ndani ya kopo la maziwa. Sukari yenyewe aliipangia foleni tangu juzi. Mchanganyiko ulipokuwa mzito kama uji wa mgonjwa, alichovya kijiti cha mtama alichokichonga ncha, akachora ua kwenye karatasi nyembamba. Alilichora kinyume, kushoto kukiwa kulia, kama alivyofundishwa na masista wa Tabora. Karatasi ikilazwa kifudifudi juu ya kitambaa na kupigwa pasi ya mkaa, sukari huyeyuka, bluu hung'ang'ania uzi, na ua hugeuka likakaa sawa. Wanawake walinunua foronya zake na kudarizi kwa kufuata michoro hiyo.

Mama yake, Getruda, alijifunga kitambaa kwenye goti lililovimba, akachukua ndoo.

"Pumzika leo, mama. Nitakwenda mimi."

"Wewe una kazi za watu. Goti hili njia linaijua."

Njia ilikuwa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, hadi kisima cha kwao kwa zamani, kilichochimbwa enzi za wapagazi wa misafara na ambacho hakikuwahi kukauka. Mwaka uliopita lori liliwakuta hapo, likawapakia na vyungu vyao, likawashusha kando ya reli, stesheni ya pili kutoka Tabora kuelekea Tura, mahali ambapo nyumba zilinyooka kama mistari ya daftari. Waliahidiwa kwamba bomba lingefika kabla ya kiangazi. Kiangazi kilifika peke yake.

Saa nne akaja katibu kata, Damas Lugembe, akisukuma baiskeli. Suruali yake ilikuwa imekunjamana kama jani la tumbaku.

"Ndugu Apolinaria, keshokutwa anakuja mgeni kutoka mkoani kufungua bomba."

"Bomba lipi, Ndugu Katibu?"

"Hilo ndilo lililonileta. Bomba liko njiani. Na mgeni yuko njiani, ila yeye ana gari." Akafungua furushi, akatoa kitambaa cheupe cha meza. "Utuchoree bomba hapa katikati. Mgeni akikaa, aone kijiji kina bomba."

"Na maji niyachore?"

"Yachore. Tusiwe wachoyo."

Apolinaria alichora bomba lenye mkono mrefu, na mdomoni mwake matone matatu. Ijumaa alasiri alipuliza mkaa, akalaza karatasi, akapitisha pasi taratibu, akabandua. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Alidhani ni mvuke. Akakikamua na kukianika kwenye kamba, na chini yake kukatokea dimbwi, na bata wa jirani akaja kuoga.

Getruda alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka kisimani. Alitua ndoo, akakinga kiganja chini ya kitambaa, akaonja.

"Matamu," alisema. "Lete mtungi."

Walijaza mtungi, sufuria, beseni na vyungu vyote viwili. Kisha wakawaita majirani, nao wakajaza. Jumamosi asubuhi Getruda hakwenda popote. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akawauliza wenzake watu wenye maji huwa wanafanya nini asubuhi. Hakuna aliyejua.

Mgeni alifika saa tano. Kitambaa kilitandikwa kwenye meza ya heshima, na utepe ukazungushwa kwenye miguu ya meza. Mgeni akaukata, akaomba kikombe, akakinga, akanywa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye viatu vyake, lakini alikuwa mtu wa shughuli nyingi na hakuangalia chini. Kwenye kitabu cha wageni aliandika: *Juhudi kina maji. Nimeyanywa.*

Wanawake walikuwa wamepanga ndoo msururu mmoja. Waliambiwa wasubiri hotuba iishe. Hotuba ilipoisha, kitambaa kilikunjwa na kutiwa kwenye beseni la Apolinaria, kwa kuwa mgeni alisema mfano bora kama huu haufai kufichwa kijijini. Utawekwa mkoani, kwenye ukumbi wa maonyesho, wengine wajifunze. Gari likaondoka likidondosha maji, na kuku wakalifuata hadi kwenye reli. Jumapili, mabomba ya chuma yaliyokuwa yamelala stesheni ya Tabora yalipakiwa kwenda kijiji kingine, ambacho hakikuwa na mchoraji.

Jumatatu Apolinaria alikoroga bluu na sukari iliyobaki. Lugembe alimkuta akichora mkono wa bomba.

"Ndugu, kijiji kina bomba tayari. Likiwepo la pili, taarifa zitavurugika."

"La kwanza liko Tabora."

"Liko Tabora, lakini ni letu." Akaitazama pasi, akaigeuza, akaupima uzito wake. "Hii nayo ni njia ya uchumi. Njia za uchumi haziwezi kukaa mikononi mwa mtu mmoja."

"Zikae mikononi mwa nani?"

"Mwetu sote. Ofisini."

"Kitu chetu sote, ufunguo wako," alisema Getruda kutoka mlangoni.

"Mama yangu, ufunguo lazima uwe na mtu."

Kuanzia Jumanne suruali ya Lugembe ilikuwa na mstari wa kukatia vitunguu. Apolinaria aliandika barua ya kuomba arudishiwe pasi, akajibiwa kwamba pasi ina majukumu. Alijaribu kupasha moto kitako cha sufuria. Likatoka bomba zuri, kavu. Getruda akarudi kwenye njia yake, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na goti likawa kubwa kama boga.

Baada ya wiki tatu ikaja barua kutoka mkoani. Maji ya Juhudi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ya watazamaji. Walihitajika wanawake wazoefu wa kubeba maji, waje na ndoo zao. Lugembe aliisomea barua chini ya bendera, akaanza kutaja majina, la kwanza likiwa la Getruda.

"Uzoefu wako unajulikana, mama."

Walipanda treni ya alfajiri. Kutwa nzima walichota maji ukumbini na kuyamwaga kwenye mtaro wa nje, uliokuwa unayapeleka mtoni. Mmoja wa wanawake walioitwa kutoka Bukene, Mwanajuma, alimwuliza karani wa ukumbi kama wangeweza kurudi na ndoo moja moja.

"Haya ni mali ya umma," alisema karani. "Umma hauwezi kuondoka na mali yake hivihivi."

Jioni kila mmoja aligeuza ndoo yake juu chini mlangoni ndipo akaruhusiwa kupita.

Apolinaria alimpokea mama yake stesheni, akamshika mkono hadi nyumbani. Getruda alifungua kanga kiunoni, akalikamua pindo lake juu ya kikombe. Yakapatikana mafunda mawili. Wakanywa, kila mtu lake.

"Yameisha huko ukumbini?"

"Yataishaje, na bomba liko wazi?" Getruda aliketi, akaunyoosha mguu kwa mikono yote miwili. "Wamesema kesho niwe nyumbani. Wanataka wenye magoti mazima. Nimewapa jina lako."

Apolinaria akatoka kwenda kuazima ndoo iliyo nyepesi.