Ithungu Erina wa Pili

Niseme mapema: sikuwa mzembe. Mzembe hajisumbui kujifunza kitu. Mimi nilijifunza, tena kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Ilikuwa Juni 2019. Ebola ilikuwa Kongo, na kutoka Bwera, Kongo ni kuvuka daraja tu. Mama mmoja alivuka akiwa mgonjwa, akafia kwa ndugu zake Bwera, na kila aliyemgusa, aliyemfulia au aliyekaa naye aliandikwa kwenye orodha. Kila aliyeandikwa alipimwa joto asubuhi kwa siku ishirini na moja. Mimi, Apio, binti wa polisi wa kambini, ndiye niliyekuwa nikiitunza orodha hiyo katika ofisi moja ndogo mjini Kasese.

Timu tatu zilituma majina kutoka Bwera, na mtu mmoja aliweza kuandikwa na timu zote tatu. Nilikuwa nikiyachambua kwa macho mpaka kichwa kinaniuma. Ofisini kulikuwa na seva mpya, kompyuta kuu ya ofisi, inayoendeshwa na mfumo wa Red Hat, iliyofungwa na fundi wa kutoka Fort Portal aitwaye Ronnie. Ronnie aliniambia nijifunze Python, lugha ya kuiagiza mashine kazi, kisha akanitisha: "Ukicheza na Python ya mashine yenyewe, unaua kila kitu. Wewe andika yako pembeni." Akaondoka zake.

Basi niliiogopa ile seva kama mbwa wa jirani. Siku ya kwanza niliandika python, ikanijibu kwamba haijui amri hiyo. Jasho likanitoka, nikajua tayari nimeshaua. Kumbe kwa toleo lile unaandika python3. Nikaandika, nikajumlisha mbili na mbili, ikanipa nne, nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya wiki moja nilikuwa na programu yangu ya mistari kumi na mmoja: soma orodha zote, jina likifanana na kijiji kikifanana, bakiza mmoja, wengine futa. Umri sikuuweka, kwa sababu kila timu ilikuwa inakisia wake. Majina mia moja na kumi na mawili yakawa themanini na moja. Benon, mkuu wangu, aliniita injinia mbele ya watu, nami nikavimba kichwa.

Siku nne zikapita. Jumanne, saa tatu asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Kathembo, anayezungukia nyumba na kipimajoto huko Bwera. Mkewe alikuwa amelazwa kwa upasuaji, na yeye ndiyo kwanza amerudi kazini; aliyemshikia nafasi alikuwa akifuata karatasi yangu tu.

"Madam, hii karatasi iko na Ithungu Erina moja."

"Ndiyo. Jina lilikuwa limerudiwa, nikalitoa."

"Aah, madam. Beko wawili. Iko ule muzee, na iko ule mwenye mutoto, mwenye alifua mashuka ya marehemu. Ithungu ni jina ya musichana wa tano. Kila nyumba yenye wasichana watano iko na Ithungu. Sasa ule wa mashuka, nani anamupima?"

Nimekulia Kasese mimi! Nimesoma na kina Ithungu wanne darasa moja, na kina Kathembo siwahesabu. Mwenyewe naitwa Apio kwa sababu nilitoka kabla ya pacha wangu, na kwa kabila letu mapacha wa kike hawazaliwi bila kupatikana Apio. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na sikuiambia mashine hata moja.

Nikafungua orodha za mwanzo, baada ya kukosea neno la siri mara mbili. Programu ilikuwa imefuta majina thelathini na moja. Ishirini na manne yalikuwa yamerudiwa kweli. Saba yalikuwa watu. Kufikia saa sita tulikuwa tumewapata sita kwa simu, wote wazima. Wa saba, Ithungu Erina wa pili, simu yake ilikuwa imezimwa. Siku nne hakuna aliyempima, naye ndiye aliyeshika yale mashuka.

Benon hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Panda gari." Afadhali angenitukana.

Dereva wetu, Maate, aliendesha bila kufungua mdomo. Tulipopita njiapanda ya Kikorongo nilianza kuhesabu: siku nne, ameteka maji na watu wangapi, ameingia sokoni mara ngapi, kanisani ameshikana mikono na nani. Nilimwogopa yeye, nikaogopa kwa ajili yake, nikaogopa kufungwa, nikamwogopa baba yangu atakaposikia. Nilifika mahali pa kutamani gari liharibike njiani. Halikuharibika.

Kathembo alitusubiri kando ya barabara, akaniongoza kwa miguu mpaka kwenye nyumba moja ya udongo kati ya migomba na kahawa. Aliniambia nisimame mbali na nisiguse kitu. Ithungu alikuwa ameketi mkekani uani, dada mwembamba wa miaka kama ishirini na miwili, amevaa sweta na jua lile kali. Mtoto wa mwaka mmoja alikuwa kifuani mwake, ananyonya.

Kathembo alivaa glavu, akamwelekezea kipimajoto usoni. Akakisoma, akapima tena. "Thelathini na nane na nusu," akaniambia polepole. Kisha akamgeukia Ithungu. "Mutoto si alikuwa kwa dada yako?"

"Alikuwa," Ithungu akasema. "Nilimupeleka mie mwenyewe, juu ya woga. Kisha mukaacha kuja. Siku moya, siku mbili. Nikasema, basi, banajua nimepona. Jumapili nikatoa shukrani kanisani, nikaenda kuchukua mutoto wangu." Akanitazama mimi. "Sasa munakuja tena juu ya nini?"

Kathembo alikuwa ameshasogea kando, simu sikioni, anaita gari la wagonjwa.

"Ni mimi," nikasema. "Hakuna aliyesema umepona. Ni mimi niliyekufuta kwenye orodha. Nilikosea."

Majibu ya damu yalikuja Alhamisi: malaria tupu, na mtoto mzima. Nayasema hapa kabla sijamaliza ili usiteseke nilivyoteseka mimi. Lakini pale uani hakuna aliyekuwa na majibu hayo. Ithungu alijua jambo moja tu, kwamba amemnyonyesha mwanawe tangu Jumapili.

Alimtoa titi mdomoni, mtoto akaangua kilio. Akapiga magoti, akamshika makwapani, akaninyooshea, mbali na kifua chake kadiri mikono yake ilivyoweza kufika.

"Mukamate," akasema. "Dada, mukamate. Mutoe kwangu."

Kathembo alikuwa ametugeuzia mgongo, bado yuko kwenye simu. Maate alikuwa amebaki garini. Nilikuwa mimi tu. Mtoto alirusha miguu hewani, akinitazama, na kidevu chake kilikuwa bado kimelowa maziwa.

Nilirudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine.