Tangi Lilipojazwa Mara ya Pili

Mkewe alikuwa mhandisi wa mabomba. Yeye mwenyewe fundi wa kuchomelea, mrefu hata kazini wote wakamwita Twiga. Walijuana kwenye ujenzi wa matangi, wakaoana kwenye ujenzi wa matangi, na mama yake Twiga, aliyeishi nao, alikuwa akisema nyumba hii hata mapenzi yake yananuka chuma.

"Haya Bosi," Twiga alimtania mkewe asubuhi ile wakivaa viatu mlangoni, "mahesabu yameamkaje?"

"Yameamka salama. Yanakusalimu."

Tangi jipya la mafuta lilikuwa limekamilika, limebaki jaribio la kulijaza maji mpaka juu. Mhandisi alipolizunguka aliona bomba kubwa la chini limeegemezwa kwenye nguzo ya zege, karibu kabisa na mdomo wa tangi, pale bomba linapoungana na ukuta. Akamfuata meneja.

"Nguzo ile iondolewe kwanza. Tangi likiwa tupu, mdomo unaubeba mzigo wa bomba bila taabu. Maji yakipanda, ukuta unatuna, mdomo unasukumwa nje na kuinama. Nguzo itaukatalia kuinama. Mzigo unaohimilika tangi likiwa nusu, likijaa utalichana."

"Sasa tufanyeje?"

"Jazeni nusu tu. Msivuke hapo mpaka nguzo itoke."

"Sawa, mama."

Mhandisi akaenda kukagua pampu upande wa pili wa uwanja. Huku nyuma, meneja akashikwa na haraka. Wenye tangi walikuwa njiani kuja kuliona. "Ni maji tu, si petroli," akawaambia watu wa valvu. "Endeleeni."

Twiga alipopita aliona rangi inabanduka kuzunguka mdomo wa tangi. Chini ya bomba, wapaka rangi wawili walikuwa wamechuchumaa wakipiga soga. Akapiga kelele, wasimsikie kwa mngurumo wa pampu. Akawakimbilia, akamvuta mmoja kwa ukosi, akamsukuma mwingine. Walipogeuka kumlaumu, ukuta ukachanika, na maji yakambwaga Twiga kwenye nguzo ile ile ya zege.

Mhandisi alifika akikimbia ndani ya maji. Alimpakata kichwa, akamwita mume wangu, mume wangu, lakini Twiga hakuitika.

Matanga yalikuwa hayajaisha maneno yakaanza: alichomelea ovyo, kajichimbia kaburi. Yakamfikia mama mtu. Jioni moja akamwita mkwewe chumbani.

"Niambie kweli, mwanangu. Alikosea?"

Kesho yake mhandisi alimpeleka uwanjani, akamwonyesha kipande kilichokatwa kwenye tangi. Akaushika mkono wa bibi yule, akaupitisha juu ya chuma.

"Hapa ndipo alipochomelea yeye. Sikia, ni pazima. Kilichochanika ni bati la pembeni. Mwanao hakukosea, mama."

Bibi akaendelea kupapasa alama za mkono wa mwanawe, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso. "Maji tu," akasema. "Maji tu ndiyo yameniondolea mwanangu."

Meneja akafukuzwa. Tangi likatiwa bati jipya, nguzo ikavunjwa, na bomba likapewa mkunjo mrefu na egemeo la springi mbali na ukuta, ili mdomo ukiinama bomba nalo liufuate. Wakamwomba mhandisi asimamie ujazaji. Jamaa zake wakamkataza, akaenda. Alisimama juani akitazama kina kikipanda. Mdomo ukainama kidogo, kiasi kile kile alichokikadiria, bomba likashuka nao. Maji yakafika juu. Mafundi wakapiga makofi. Wapaka rangi wale wawili hawakupiga. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Alipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, miguu haijagusa sakafu.

"Limejaa?"

"Limejaa, mama."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

"Na halikupasuka?"

"Halikupasuka."

Bibi akaishusha miguu sakafuni.

"Kumbe iliwezekana," akasema.

Mhandisi akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kwa sauti.