Mchanga wa Sabaki

...na kama ni wa mto kweli mbona unang'ara hivi, Mwanasiti alijiuliza, akautia mkono kikapuni, akauchota mchanga, akauacha umwagike vidoleni, chenga nene, sawasawa na alizokuwa akizitaka marehemu mumewe Badawi, si unga, unga hushikana ukaziba, maji yakakosa pa kupita, mizizi ikaoza, kama inavyooza sasa ndani ya lile bakuli, mkwaju usiozidi kimo cha birika, mumewe aliulea miaka yote ya ndoa yao na leo kila mvua ikinyesha unapukutisha majani, naye mjane yumo edani, havuki mlango wa nje, hata kiganja cha mchanga ni lazima amwombe shemeji yake Jaafar... nje ya pazia Jaafar anazungumza na mama yake, sauti juu makusudi ili asikie, "Mpaka mtoni Sabaki, Mama, kwa miguu yangu hii, kwa ajili ya mti kibeti," na Bi Jaha anacheka kicheko chake cha puani, "Kiumbe cha Mungu kinataka kukua, mtu anakikata mizizi, kisha mwashangaa akifa kijana," akifa kijana, ya Rabi, na hayo ni maneno ya mama mzazi, kama kwamba haikuwa malaria iliyompanda kichwani, kama kwamba ni mkwaju uliomuua, astaghafirullahi, astaghafirullahi, ulimi unavuta uradi na moyo unavuta matusi, Mungu amsamehe, au asimsamehe leo, amsamehe kesho... makaa ya kuchanganya na mchanga yako tayari, kayaponda mwenyewe, na vigae vya mtungi uliovunjika kavitwanga kinuni, akavichekecha kwa kopo la mafuta ya Kimbo lililotobolewa kwa msumari, vumbi akalitupa, kilichokosekana ni mchanga tu, na Badawi alikuwa akichuchumaa hapo uani, mikono imejaa udongo, akieleza kama alivyofundishwa na yule mzee Mtaliana, tajiri wake wa kazi ya bustani, "Mchanga uwe wa juu, Siti, kule darajani, si pale mto unapoingia baharini, pale maji ya bahari hupanda, chumvi itaukausha mti hata wiki haishi," naye Jaafar alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani akimenya chungwa, akasema, "Kaka, wewe mti unaulisha vizuri kuliko mkeo," wakacheka wote, hata Mwanasiti alicheka... sasa akachukua chembe mbili tatu za kikapuni, akazitia ulimini. Chumvi. Akatema katika upindo wa kanga nyeupe, akaonja tena, chumvi, basi Jaafar alisikia siku ile, alikuwa akimenya chungwa na kusikia, akaenda mpaka Sabaki kwa miguu yake hiyo, akalipita daraja, akashuka mpaka baharini, mwendo wote huo ili mti wa nduguye ufe mikononi mwa mkewe, kisha waseme Mungu hakupenda, "Shemeji," anaita sasa, "shemeji, mchanga umeuona? Umekufaa?" na akimwambia una chumvi atasema basi vunja eda ukauchote mwenyewe, na mama yake atacheka puani, na kumlilia hatamlilia, machozi yake si ya kutazamwa na hawa, yeye... lakini chumvi si msumari, chumvi huyeyuka, mbona hakufikiri, maji ya kisima nayo yana chumvi yake, hayafai, lakini pipa liko uani chini ya mchirizi wa bati, limejaa maji ya mvua mpaka yanafurika, atauosha mchanga huu, aumwagie maji, auoshe, aonje, auoshe tena mpaka ulimi usihisi kitu, uani hapo hapo, ndani ya eda yake, hana wa kumwomba, na muda wote huo alikuwa amekaa akimngoja mtu huyu kama anayengoja kupewa pumzi, "Shemeji, umelala?" pazia linatikisika kidogo, halifunguliwi, mkono wake bado umo kikapuni, mchanga umepoa, naye anashangaa jinsi sauti yake inavyotoka taratibu, bila kutetemeka, "Nimeuona, shemeji. Nimeuonja. Mungu akulipe sawasawa na nia yako," na nje redio ya jirani inatangaza vifo, kisha Bi Jaha, "Jaafar, mtu amekuombea dua, mbona huitikii amina?" na Mwanasiti akatega sikio, hana haraka, akangoja, Jaafar akakohoa, akauliza viatu vyake viko wapi.