Sauti ya Kuazima

Mkalimani wa lugha ya alama wa chuo alilazwa hospitalini Jumatatu. Jumanne asubuhi Macho alisimama mlangoni pa chumba cha cherehani cha dada yake, mikono ikienda mbio kuliko sindano.

"Kesho saa nne natetea tasnifu, dada. Watahini wametoka mbali. Nikiahirisha, ni mwaka mzima."

Macho ni jina la nyumbani. Alizaliwa kiziwi, na dada yake, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa mdomo wake tangu utotoni: dukani, shuleni, kwa daktari. Sasa Macho alikuwa anamaliza shahada ya elimu ya nyota, na dada mtu alikuwa anawafundisha watoto kanisani kwamba mbingu na dunia hazijatimiza miaka elfu saba. Hawakuwahi kugombana. Jambo hilo walilikwepa kama watu wanavyokwepa dimbwi, kila mmoja na upande wake.

Dada alikubali kumkalimania. Angekataaje?

Jioni mumewe, ambaye ni mwinjilisti, aliweka kijiko chini.

"Utasema maneno ya namna ile mbele za watu?"

"Maneno ni yake, baba watoto. Mimi namwazima sauti tu."

"Mkalimani husema 'mimi'. 'Mimi nimepima, mimi nimeona.' Ukirudi kwa wale watoto utawaambia 'mimi' yule alikuwa nani?"

Usiku kucha neno hilo lilimchoma kama mwiba wa samaki.

Ukumbini kulikuwa na watahini watatu, jagi la maji, na feni iliyokwaruza. Mumewe alikuja pia. Alikaa safu ya mwisho, mikono kifuani.

Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Macho alieleza kioo cha darubini na mawingu yaliyomharibia wiki tatu. Alitania kwamba mvua ingekuwa mwanafunzi, ingeshafukuzwa chuo. Watahini walicheka, na fundi akajikuta anacheka nao. Kisha mtahini mwenye miwani akauliza:

"Mwanga huu uliopima, uliondoka kwenye galaksi ile lini?"

Macho hakusita. Vidole vyake vilisomeka wazi kama maandishi: miaka milioni mbili na nusu iliyopita.

Fundi alifungua mdomo. Kule nyuma mumewe aliinua uso.

"Miaka elfu," alisema fundi. "Elfu mbili na mia tano."

Mtahini aliacha kuandika. "Elfu? Una hakika?"

Kwa mikono fundi akatafsiri maneno mawili tu: una hakika?

Macho alitabasamu. Hakika kabisa.

"Hakika kabisa," alisema fundi, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Watahini walinong'onezana. Yule mama aliyekaa katikati alifunga faili. "Kwenye tasnifu umeandika milioni mbili na nusu. Hapa unatuambia elfu, tena kwa hakika. Basi niulize waziwazi: kazi hii uliandikiwa na nani?"

Macho aliona nyuso zikibadilika. "Wamesema nini?" mikono yake iliuliza. "Dada! Wamesema nini?"

Mikono ya fundi ilikuwa mizito kama iliyolowa. Angeweza kumdanganya tena. Hakuna aliyejua lugha ile humo ndani isipokuwa wao wawili. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

"Samahani," alisema kwa sauti, huku akionyesha kwa alama. "Sasa nasema mimi, si yeye. Alisema milioni. Nimebadilisha mimi."

Feni ilikwaruza. Macho alimtazama kama anayemwona mtu wa kupita njia.

Watahini walimpa ubao na kalamu, akajibu kwa maandishi saa nzima. Fundi alikaa pembeni. Hakuna aliyemtuma kitu. Alipogeuka, kiti cha mumewe kilikuwa kitupu.

Macho alifaulu, ila arekebishe sura moja ya tasnifu. Fundi alimpongeza kwenye korido, naye akamkatiza kwa mikono.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ungekataa jana. Ningekuelewa." Mikono yake ikasimama, kisha ikaanza tena polepole. "Kwa daktari. Shuleni. Mara ngapi nyingine?"

"Hata mara moja. Haki ya Mungu, hata moja."

Hakusema anaamini. Hakusema haamini.

Nyumbani mumewe alimpokea mlangoni kwa upole. "Angalau ulijaribu," alisema.

"Nilijaribu nini? Nimesema uongo, karibu nimharibie mtoto wa mama yangu maisha. Hilo nalo utalihubiri?"

Jumapili ile fundi aliomba apumzishwe darasa la watoto. Waliomuuliza kama sasa anaamini ya mdogo wake aliwajibu kwamba hajui, na kweli hakujua. Alichojua ni kwamba hakustahili kusimama mbele ya mtoto na kumwambia aseme kweli.

Miezi miwili Macho hakukanyaga kwa dada yake. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: ameitwa usaili wa kazi ya ualimu, Alhamisi. *Njoo unitafsirie. Lakini kutakuwa na karatasi na kalamu mezani, nami nitawaambia waandike kila swali.*

Fundi alisoma mara tatu. Iliuma. Akajibu: *Nitakuja. Waandike na majibu nitakayowaambia, uyasome.*