Ijumaa kwa Dereva wa Treni

Mgeni alirudisha mfuko wetu asubuhi, akautua juu ya meza ya kukatia vitambaa kana kwamba ndani kuna kitu chenye uhai.

"Binti, mimi jana nilileta suruali," aliniambia. "Sikuja kuomba unga."

Mguu wa shangazi ulisimama kwenye cherehani.

Msimu ule pensheni za wastaafu zilikuwa zimekwama, hakuna aliyejua wapi. Duka la shangazi la ushonaji likageuka ghala, bila kibao wala tangazo. Aliyekuwa nacho alileta unga au maharage. Aliyekosa alileta nguo, hata nzima, akasema inataka kushonwa. Jioni aliikuta imelazwa juu ya mfuko ulioshiba. Hakuna aliyeuliza neno. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo juzijuzi, sina kazi. Nikawa mpimaji wa unga, na niliamini kwa moyo wote kwamba dunia nzima ingeweza kuendeshwa vile.

Shangazi aliitoa ile suruali mfukoni, akaikunjua. Goti bado lilikuwa wazi, tundu la kupitisha ngumi.

"Yaani hata hatukuigusa!" Akajifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Tusamehe, mzee wangu. Huku tumeshasahau kwamba nguo huchanika kweli."

Mzee alijitahidi kubaki na hasira, akashindwa. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Alikuwa dereva wa treni mstaafu, amehamia mtaa wa nyuma karibuni. Shangazi alipokuwa akitia kiraka, mzee akasema akitazama sakafu:

"Hata pensheni yangu haijatoka. Ila sijazoea."

"Nani kazoea?" shangazi akamjibu.

"Shida ni mama yenu kule nyumbani. Nikimpakulia anajua nimejinyima, basi hali, na dawa zake hazitaki tumbo tupu. Lakini akiona tunakaribisha hadi wageni, ataamini chakula kipo." Akanigeukia. "Utakuja na mfuko huo Ijumaa mchana, ule nasi? Kila Ijumaa, mpaka mambo yakae sawa?"

"Nitakuja," nilisema, nikidhani nimepewa kazi nyepesi kuliko zote.

Chumba chao bado nakiona: pazia lililofifia, meza inayoyumba, na mkewe akisimulia jinsi alivyoijua honi ya treni ya mumewe kati ya zote, akakimbilia kubandika maji ya kuoga.

Kisha ikaja simu niliyoingoja tangu chuo. Usaili, Ijumaa, saa saba mchana. Niliomba siku nyingine, wakasema haipo. Na pensheni ilikuwa bado.

Nilivaa, nikang'arisha viatu, nikatoka. Kituoni basi la mjini lilisimama, likafungua mlango, likaufunga.

Kwa mzee, mkewe alinitazama kuanzia kola hadi viatu. "Leo umependeza hivyo, mwanangu, safari ya wapi?"

"Hapa hapa, mama."

Nikavuta kiti. Alisubiri nipeleke kijiko cha kwanza mdomoni, ndipo akachukua chake.